Kugawanya vipeuo vya pili: kwa nini jibu moja linaweza kuwa na sura mbili

Mzazi mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, naomba msaada. Binti yangu alipewa 10√6 ÷ 4√10, akaambiwa arahisishe. Akapata 5√3 juu ya 2√5. Kitabu kinasema jibu ni √15 juu ya 2. Mwalimu wake kamwekea kosa, lakini nilipopiga kwenye kikokotoo majibu yote mawili yalitoa namba ileile. Sasa amekosea au hajakosea? Na kuna swali lingine lina √7 − √3 chini ya mstari wa sehemu. Hilo hata mimi limenishinda."

Mzazi mwenzangu, binti yako hajakosea kugawanya. Hesabu yake ni sahihi, ila hajaifikisha mwisho. Kikokotoo chako kilisema kweli: 5√3 ni karibu 8.660254, 2√5 ni karibu 4.472136, na ukigawanya unapata 1.93649. Nusu ya √15 nayo ni 1.93649. Ni namba moja. Kilichobaki ni kujua kwa nini tunasumbuka kuiandika kwa sura ya pili wakati ya kwanza nayo ni kweli. Nitakuja huko, lakini kwanza tuangalie ugawanyaji wenyewe unasimama juu ya nini, maana watoto wengi hupewa kanuni bila kuonyeshwa inatoka wapi, halafu wanaitumia hata mahali isipofanya kazi.

Kanuni ni hii: √a ÷ √b ni sawa na √(a ÷ b), mradi a isiwe hasi na b iwe kubwa kuliko sifuri. Kipeuo cha pili cha namba ni ile namba isiyo hasi ambayo ukiizidisha kwa yenyewe unapata namba uliyoanza nayo. Sasa chukua √a/√b uizidishe kwa yenyewe. Juu unapata a, chini unapata b. Kwa hiyo √a/√b ni namba isiyo hasi ambayo mraba wake ni a/b, na namba ya namna hiyo ni moja tu, ndiyo tunayoiita √(a/b). Uthibitisho umeishia hapo. Mtoto wa sekondari anaweza kuuelewa wote, na akishauelewa hatasahau kanuni, kwa sababu anaweza kuitengeneza upya mwenyewe.

Yale masharti kuhusu a na b si pambo. Chukua √(−18) ÷ √(−2). Ukikimbilia kanuni utaandika √9, yaani 3, na utaona mambo yamenyooka. Lakini katika namba halisi √(−18) haipo kabisa, na huwezi kugawanya kitu kisichokuwepo. Atakayesoma baadaye namba changamano, ambamo √(−1) ipo na huitwa i, atakuta jambo la kushangaza zaidi: √18 ÷ √(−2) ni −3i, ilhali kanuni ikitumiwa bila kufikiri inatoa √(−9), yaani 3i. Alama imegeuka. Ndiyo maana nasisitiza masharti tangu mwanzo.

Turudi kwenye 10√6 ÷ 4√10. Namba zilizo nje ya vipeuo zinagawanyika zenyewe kwa zenyewe, na zilizo ndani vilevile. Nje: 10/4 ni 5/2. Ndani: 6/10 ni 3/5. Kwa hiyo tunayo (5/2) × √(3/5). Hapa ndipo binti yako alipofika, akatenganisha kipeuo akapata 5√3 juu ya 2√5. Kazi nzuri. Hatua iliyobaki ni kukiondoa kipeuo kwenye asili, yaani ile namba ya chini ya sehemu. Tunazidisha juu na chini kwa √5. Thamani haibadiliki, kwa sababu √5/√5 ni 1:

5√3/(2√5) × √5/√5 = 5√15/(2 × 5) = 5√15/10 = √15/2

Angalia vizuri hatua ya mwisho. 5 ya juu na 10 ya chini zimepunguzana kwa sababu zote ziko nje ya kipeuo. Watoto wengi wakishaona jambo hili wanalipanua kupita mpaka. Wakikutana na √15/5, wanakata 15 kwa 5 na kuandika √3. Hilo ni kosa kubwa: √15/5 ni karibu 0.775, na √3 ni karibu 1.732. Namba iliyo ndani ya kipeuo na iliyo nje hazikatani moja kwa moja, kwa sababu haziko kwenye ngazi moja. Ukitaka 5 iingie ndani, lazima iingie ikiwa mraba wake, yaani 5 ni √25. Basi √15/5 ni √15/√25, yaani √(15/25), yaani √(3/5). Binti yako akishika jambo hili moja, kwamba namba ya nje ikiingia ndani inajizidisha yenyewe kwanza, makosa mengi yatamwondokea bila kuambiwa.

Sasa lile swali lako hasa: kwa nini mwalimu hakuridhika na sura ya kwanza?

Sababu inayotajwa zaidi ni ya enzi za hesabu za mkono. Ukiwa na 1/√2 na huna kikokotoo, ni lazima ugawanye 1 kwa 1.41421356, kazi ndefu na chungu. Ukiiandika √2/2, unagawanya 1.41421356 kwa 2 na kupata 0.70710678 hata kwa kichwa. Sababu hiyo ni ya kweli, lakini leo kila mwenye simu ana kikokotoo, na mtoto akiambiwa hivyo tu atakujibu kwamba zama hizo zimepita. Atakuwa na haki.

Sababu ambayo kwangu mimi ina uzito zaidi ni kwamba vitu vilivyo sawa vinapaswa kuonekana sawa. Tazama hesabu hii:

√12 + 3/√3 − √27

Kwa macho, ni vitu vitatu visivyohusiana: kumi na mbili, tatu, ishirini na saba. Rahisisha kila kimoja. √12 ni √(4 × 3), yaani 2√3. 3/√3, ukizidisha juu na chini kwa √3, ni 3√3/3, yaani √3. √27 ni √(9 × 3), yaani 3√3. Basi una 2√3 + √3 − 3√3, ambayo ni sifuri. Sifuri kamili. Hesabu nzima ilikuwa si kitu, na bila kurahisisha usingelijua hilo kwa hakika. Kikokotoo kingeweza kukuonyesha 0, au kikakuonyesha kijinamba kidogo mno kilichotokana na kukata desimali, nawe ukabaki unajiuliza. Sura iliyorahisishwa kikamilifu ni moja tu kwa kila namba ya aina hii, kwa hiyo ukitaka kujua kama majibu mawili ni sawa, yapeleke yote kwenye sura hiyo uyaweke kando kwa kando. Kitabu, mwalimu na mwanafunzi wanakutania hapo. Hivyo swali likisema "rahisisha", sura hiyo ndiyo inayodaiwa. Mimi ningempa binti yako sehemu kubwa ya alama na kumwandikia pembeni "malizia", lakini naelewa kwa nini mwalimu wake alitaka zaidi.

Kuna vigezo vitatu vya kujua kama umefika mwisho. Ndani ya kipeuo pasiwe na kigawo ambacho ni mraba kamili kama 4, 9, 16 au 25. Ndani ya kipeuo pasiwe na sehemu. Na chini ya mstari wa sehemu pasiwe na kipeuo. Kimoja kikikosekana, kazi bado.

Njia ya kupata miraba iliyojificha ndani ya namba kubwa ni kuivunja kuwa namba tasa. Chukua 1350. Ni 2 × 3 × 3 × 3 × 5 × 5. Kila jozi inatoa namba moja nje: jozi ya 3 inatoa 3, jozi ya 5 inatoa 5, na zinabaki ndani 2 na 3 zisizo na wenzao. Kwa hiyo √1350 ni 15√6. Hakuna kubahatisha.

Lakini je, ugawanye kwanza au urahisishe kwanza? Wengi huuliza hili wakitaka sheria moja. Hakuna sheria, kuna kuziangalia namba kabla ya kushika kalamu. Ukipewa √1350 ÷ √6, gawanya kwanza: 1350 ÷ 6 ni 225, na √225 ni 15. Umemaliza kwa mstari mmoja. Ukipewa √98 ÷ √27, namba hazigawanyiki vizuri, hivyo rahisisha kwanza: 7√2 juu ya 3√3. Sasa zidisha juu na chini kwa √3 peke yake, upate 7√6/9. Anayekurupuka na kuzidisha kwa √27 nzima atapata √2646 juu ya 27. Jibu lake litafika palepale mwishowe, kwa kuwa 2646 ni 441 × 6, lakini atakuwa amejitafutia namba kubwa pasipo sababu, na kwenye namba kubwa ndiko makosa yanakozaliwa.

Tuje kwenye swali lililokushinda. Tuseme ni 8 juu ya √7 − √3. Hapa chini kuna vipande viwili vyenye alama ya kutoa katikati, na ile mbinu ya kuzidisha kwa kipeuo kilekile haifai. Jaribu kuzidisha asili kwa √7 − √3 yenyewe: (√7 − √3)² ni 7 − 2√21 + 3, yaani 10 − 2√21. Kipeuo bado kipo, kimebadilika sura tu. Kinachokirudisha kila mara ni kile kipande cha katikati, mara mbili ya zao la vipeuo viwili. Tunatafuta namna ya kukifuta hicho. Ukigeuza alama ya katikati na kuzidisha kwa √7 + √3, vipande vya katikati vinakuwa +√21 na −√21, vinafutana, na kinabaki 7 − 3, yaani 4. Ni ile tofauti ya miraba miwili ambayo binti yako ameishasoma: (p − q)(p + q) = p² − q². Basi:

8/(√7 − √3) × (√7 + √3)/(√7 + √3) = 8(√7 + √3)/4 = 2√7 + 2√3

Hakikisha kwa kikokotoo: √7 − √3 ni karibu 0.9137, na 8 gawanya kwa hiyo ni karibu 8.756. Upande wa pili, 2 × 2.645751 + 2 × 1.732051 nayo ni karibu 8.756. Mbinu hiyohiyo inafaa hata chini kukiwa na vipande vitatu, ila unaitumia kwa awamu. Kwa 1 juu ya 1 + √2 + √3, shika 1 + √2 kama kitu kimoja, zidisha juu na chini kwa 1 + √2 − √3, asili inakuwa (3 + 2√2) − 3, yaani 2√2, na hiyo unajua kuiondoa.

Nisiache jambo la kujumlisha. Kanuni ya kugawanya inafanya kazi kwa kuzidisha na kugawanya, haifanyi kazi kwa kujumlisha wala kutoa. √(9 + 16) ni 5, ilhali √9 + √16 ni 7. Na kwenye sehemu, jumla ikiwa juu unaweza kuigawa kipande kwa kipande: (√18 + √8)/√2 ni 3 + 2, yaani 5. Jumla ikiwa chini huwezi. √2/(√18 + √8) ni √2 juu ya 5√2, yaani 1/5. Aliyeivunja vipande angeandika 1/3 + 1/2 na kupata 5/6. Kosa la jamii hii huonekana sana watoto wanapofika kwenye milinganyo ya kipeo cha pili. Kwa x² − 6x + 6 = 0, kanuni ya kutatua milinganyo hiyo inatoa (6 ± √12)/2. Mtoto anakata 6 kwa 2 na kuiacha √12 ilivyo, anaandika 3 ± √12. Mbili ya chini inagawanya vyote vilivyo juu. √12 ni 2√3, kwa hiyo jibu ni 3 ± √3.

Mwandiko nao una kesi yake. Alama √ ilichapishwa mwaka 1525 katika kitabu cha aljebra cha Mjerumani Christoff Rudolff, bila ule mstari wa juu. Mstari unaofunika namba zilizo ndani uliunganishwa nayo na Mfaransa René Descartes mwaka 1637. Huo mstari una kazi: unasema kipeuo kinaishia wapi. Mtoto akiuchora mfupi, √(3/5) inageuka √3/5, na hizo si namba moja: ya kwanza ni karibu 0.775, ya pili karibu 0.346. Nimeona karatasi ambazo mwanafunzi alielewa kila kitu, akaponzwa na mstari wake mwenyewe alipousoma vibaya kwenye hatua iliyofuata. Mwambie binti yako auvute mstari hadi mwisho wa kile anachokikusudia.

Kuna mahali pamoja ambapo kikokotoo hakimwokoi mtu, napo ni kwenye herufi. Linganisha maswali haya mawili. La kwanza ni √(50x³) ÷ √(2x). Gawanya ndani: 25x². Jibu ni 5x. La pili ni √(12x²) ÷ √3. Gawanya ndani: 4x². Wengi wataandika 2x, lakini jaribu x = −5. Ndani ya kipeuo cha juu kuna 12 × 25, yaani 300. √300 ÷ √3 ni √100, yaani 10. Lakini 2x ni −10. Jibu halilingani. Sababu ni kwamba kipeuo cha pili hakiwi hasi kamwe, kwa hiyo √(x²) ni ukubwa wa x bila kujali alama yake, tunauandika |x|. Jibu sahihi la swali la pili ni 2|x|. Mbona la kwanza halikuhitaji hivyo? Kwa sababu pale √(2x) ilikuwa asili ya sehemu, na ili iwepo na isiwe sifuri, x ilikuwa lazima iwe chanya. Swali lenyewe lilishatuchagulia alama. Vitabu vingi hukwepa jambo hili kwa kuandika mwanzoni kwamba herufi zote ni chanya. Sentensi hiyo isipokuwepo, mtoto aiulize mwenyewe.

Nikuongezee pia kwamba kuondoa kipeuo chini ya sehemu si amri ya milele. Binti yako akiendelea atakuta vitabu vya ngazi za juu vikiandika 1/√2 bila wasiwasi, na mara nyingine atatakiwa kufanya kinyume kabisa, kukitoa kipeuo juu na kukipeleka chini. Chukua √10001 − √10000. Kwa kikokotoo kinachobeba tarakimu sita, √10001 ni 100.005, toa 100 upate 0.005. Lakini zidisha na ugawanye kwa √10001 + √10000: juu kunabaki 1, chini kuna 200.005, na 1 ÷ 200.005 inatoa 0.00499988. Hili la pili liko karibu zaidi na ukweli, kwa sababu hatukutoa namba mbili zinazokaribiana na kupoteza tarakimu njiani. Ni mbinu ileile ya √7 na √3, imegeuzwa upande. Sura bora ya jibu inategemea unataka kulifanyia nini, na kwa zoezi linalosema "rahisisha" sura inayotakiwa inajulikana.

Kama binti yako anataka kujipima, ajaribu haya matatu bila kikokotoo: √48 ÷ √27, kisha 14 juu ya 3 + √2, kisha √45 juu ya 2√6. La kwanza ni 4/3, na ataona mwishowe hakuna kipeuo chochote kilichobaki. La pili ni 6 − 2√2. La tatu, akipata 3√30 juu ya 12, asiache hapo: 3 na 12 zote ziko nje ya kipeuo, zinapunguzana, na jibu ni √30/4.